Jinsi ya kuwasha Macintosh ya miaka ya 1980 ndani ya kompyuta yako

Nimewasaidia vijana kadhaa kufanya hili, nao wote hukwama palepale. Macintosh ya kwanza iliingia sokoni Januari 24, 1984 kwa dola 2,495, mwaka mmoja tu baada ya Lisa, kompyuta nyingine ya Apple iliyouzwa dola 9,995. Picha zake zimejaa mtandaoni, ila utamu wake uko kwenye kipanya.

Hatua ya 1: Pakua Mini vMac, programu inayoigiza Macintosh Plus ya 1986. Zipo programu za kuigiza zinazofunguka ndani ya brauza. Hizo ni za kuchungulia tu, mimi sizipendi.

Hatua ya 2: Weka faili la vMac.ROM, yaani nakala ya programu ya msingi iliyo kwenye chipu ya Mac, katika folda hiyohiyo ya Mini vMac. ROM ni mali ya Apple, hivyo njia safi ni kuinakili kutoka mashine unayoimiliki.

Hatua ya 3: Fungua programu. Ukiona picha ya diski yenye alama ya kuuliza inayowaka na kuzima, uko sawa. Buruta faili la diski lenye System 6, mfumo endeshi wa Mac wa wakati huo, uliachie dirishani. Skrini ni pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe basi.

Hatua ya 4: Kuingiza programu. Hapa ndipo watu hukesha. Programu za Mac za zamani huja kwenye furushi la .sit, lililobanwa kwa programu iitwayo StuffIt. Faili la .sit usilifungue kwenye Windows! Mara nyingi utapata faili lenye jina sahihi na baiti sifuri, udhani limeharibika, ulipakue upya, yaleyale. Faili la Mac ya zamani lilikuwa na sehemu mbili: data, na rasilimali, yaani menyu, aikoni, hata msimbo wenyewe wa programu. Mpango huo wa rasilimali aliutengeneza Bruce Horn, aliyetokea kampuni ya Xerox, na ulikuwa wa akili: menyu ziliweza kutafsiriwa bila kugusa msimbo. Windows kwa kawaida haiihifadhi sehemu hiyo ya pili, inapotea.

Kwa hiyo ingiza .sit nzima nzima. Andaa faili la diski tupu kubwa (la 800K litajaa upesi), fungua ImportFl, programu ndogo ya Mini vMac ya kuingiza faili, buruta .sit dirishani, ihifadhi, kisha ifungue kwa StuffIt humohumo ndani. Ikigoma, angalia toleo: mafurushi ya StuffIt 5 hayafunguki kwa matoleo ya kabla yake. Na ukiikuta programu hiyohiyo ikiwa tayari kwenye faili la diski la .dsk, chukua hiyo, achana na .sit kabisa.

Hatua ya 5: Punguza kasi ya Mini vMac iwe 1x, yaani kasi ya mashine halisi, fungua MacPaint, programu ya kuchora. Menyu haibaki wazi ukibofya: shikilia kitufe cha kipanya, shuka ukiwa umekishikilia, achia. Kutoa diski, iburute hadi pipa la taka. Haifuti kitu.