Jinsi ya Kutembelea Slane na Kaburi la Newgrange
Ukifika Slane, kijiji cha Kaunti ya Meath nchini Ayalandi, anzia kwenye njia panda ambapo nyumba nne za mawe zinazofanana zinatazamana, kisha upande kilima ambako, kwa mujibu wa mapokeo, Mtakatifu Patrick aliwasha moto wa Pasaka mwaka 433. Newgrange, kaburi la miaka 5,000 hivi, kongwe kuliko piramidi za Giza, halifikiwi moja kwa moja: kata tiketi mapema, kwani nafasi huisha haraka, kisha upelekwe kwa basi kutoka kituo cha wageni cha Brú na Bóinne. Njia ya ndani ni nyembamba mno, lakini usiikose, maana mwongozaji huzima taa ili kuonyesha jinsi jua la alfajiri linavyopenya chumbani karibu na Desemba 21. Koti la mvua ni la lazima, hata Julai.