Mbwa afungiwe chumbani kabla kengele haijaanza kulia

Wazazi wenzangu tulioko Marekani na Kanada: jioni ya Oktoba 31, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba pipi za Halloween, tunahangaika na mavazi yao ya kuigiza hadi tunamsahau mbwa. Mlango unafunguliwa kila dakika, nje kumejaa vinyago na kelele, naye anachomoka mbio. Mfungie chumbani mapema, na maji yake, akiwa amevaa kola yenye namba yako ya simu.

Pipi ziwekwe juu kabatini, si mezani sebuleni. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na ile nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Zabibu kavu pia. Chingamu isiyo na sukari isome pakiti: ukiona neno xylitol (kitamu kinachotiwa badala ya sukari), hata vipande vichache vinaweza kumuua. Akishakula, mpigie daktari wa mifugo papo hapo, usingoje aanze kutapika.

Watoto je? Wapake rangi usoni badala ya barakoa, maana barakoa huwaziba macho wakivuka barabara. Gauni lisiburuze. Tochi kila mmoja. Na koti, jamani. Baridi ya huku haijali kwamba leo mtoto ni simba.