Pima upepo wa kompresa kwa kutumia saa kabla ya kulipa
Kabla ya kununua kompresa ya karakana ya nyumbani, omba iwashwe tangi likiwa tupu, ufunge koki ya kutolea upepo, kisha upime kwa saa muda ambao geji ya shinikizo la upepo inachukua kupanda kutoka bar 5 hadi bar 7. Zidisha ujazo wa tangi kwa 2 (tofauti ya bar 7 na bar 5), halafu ugawe kwa dakika zilizotumika: tangi la lita 50 likichukua sekunde 40, mashine inatoa takribani lita 150 kwa dakika. Kipimo hiki kinaaminika kuliko kibandiko, kwa kuwa mara nyingi kibandiko hutaja upepo unaovutwa na pistoni, si ule unaofika kwenye kifaa, na pengo kati ya hivyo viwili si dogo hata kidogo. Linganisha jibu na mahitaji ya kifaa chako kinachokula upepo mwingi zaidi, hasa bunduki ya rangi au grainda, ambavyo huutumia mfululizo. Kwa kujaza matairi tu, hesabu hii haina umuhimu mkubwa. Kipimo hupotosha pale umeme unapokuwa hafifu, waya wa kurefushia unapokuwa mwembamba, au vali inapovuja.