Jinsi ya Kuomba Uhamisho Ukiwa Mtumishi wa Afya wa Halmashauri

Tabibu akihama kwenye zahanati yenye watumishi wawili, anayebaki anabeba kila kitu: wagonjwa wa nje, kliniki ya mama na mtoto, chanjo, na mjamzito anayefika usiku wa manane. Mkurugenzi anayajua hayo kabla hajafungua ombi lako. Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo, wa wizara ya afya wa mwaka 2014 uliweka kiwango cha chini cha watumishi 15 kwa zahanati moja, na zahanati nyingi za vijijini ziko mbali sana na idadi hiyo. Kwa hiyo ombi linaloeleza shida ya mwombaji peke yake huwa gumu kupita. Lililofikiria pia kituo kinachoachwa lina nguvu zaidi, na ni haki liwe nayo.

Maelezo haya ni ya watumishi walioajiriwa na halmashauri Tanzania Bara, yaani walio kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri. Zanzibar ina utumishi wake na taratibu zake.

Kwanza jua nani anaamua

Maombi mengi hupotea kwa sababu yameelekezwa ofisi isiyohusika. Mwajiri wako ni Mkurugenzi wa halmashauri. Mganga Mkuu wa halmashauri ni msimamizi wako wa kitaaluma na maoni yake yana uzito mkubwa, lakini si yeye anayetoa kibali.

Kama unataka kutoka zahanati moja kwenda nyingine, au kwenda kituo cha afya ndani ya halmashauri ileile, jambo hilo linaishia kwa Mkurugenzi kwa ushauri wa Mganga Mkuu. Hakuna haja ya kuigusa Dodoma. Ukitaka halmashauri nyingine ndani ya mkoa huohuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa inaingia. Kuvuka mkoa ni suala la Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Na ukitaka kutoka serikali za mitaa kabisa, mathalani kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ambazo zilirudishwa chini ya Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017, au kwenda taasisi nyingine ya umma, hapo unabadilisha mwajiri, na Katibu Mkuu Utumishi anahusika.

Ngazi hizi zikujengee swali moja la kujiuliza kwa uaminifu: shida yako inahitaji mkoa mwingine kweli? Mtumishi asiye na nyumba ya kuishi, au ambaye mtoto wake anatembea saa mbili kwenda shule, mara nyingi anaweza kusaidiwa kwa kuhamishiwa kata nyingine. Ombi la ndani ya halmashauri lina ofisi chache za kupita, na jamii ya eneo hilo haimpotezi mhudumu. Hapa niseme jambo kwa wakurugenzi pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010 uliohuishwa 2021 kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini, linataja makazi bora, mazingira mazuri ya kazi na nafasi ya kujiendeleza. Halmashauri iliyojenga nyumba ya mtumishi pembeni ya zahanati imepunguza maombi ya uhamisho kabla hayajaandikwa.

Kuangalia kama unastahili

Uwe umethibitishwa kazini na una barua ya kuthibitisha. Waajiri wengi husimamia pia kigezo cha kukaa kituoni miaka mitatu kwa mtumishi wa ajira mpya, isipokuwa kuna sababu nzito kama ugonjwa. Kama una shauri la nidhamu linaloendelea, subiri liishe. Taarifa zako za utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, ziwe zimejazwa na msimamizi wako amezipitia, kwa sababu mwajiri mpya anaweza kutaka kujua anapokea mtu wa namna gani. Leseni yako ya taaluma iwe hai.

Hatua ya kutafuta nafasi unakokwenda

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbilia mwisho badala ya mwanzo. Halmashauri haiwezi kukupokea kwa huruma tu. Lazima iwe na nafasi ya kada yako kwenye ikama. Muuguzi akiomba kwenda halmashauri yenye upungufu wa mteknolojia wa maabara, upungufu huo haumsaidii. Wasiliana na Ofisa Utumishi au Katibu wa Afya wa huko, uliza kama kada yako ina pengo, na kama lipo omba jibu la maandishi.

Njia ninayoishauri kuliko zote ni uhamisho wa kubadilishana. Unamtafuta mtumishi wa kada yako, mwenye cheo kinacholingana na chako, anayetaka kuja ulipo huku wewe ukitaka kwenda alipo. Tabibu kwa tabibu, mfamasia kwa mfamasia. Tofauti ya kada au ya ngazi ya mshahara huvuruga ikama na bajeti za pande zote mbili, na ombi hurudi. Mkipatana, kila mmoja anaomba kwa mwajiri wake na kumtaja mwenzake kwa jina, kada, cheo na kituo. Faida yake ni kwamba hakuna mlango wa zahanati unaofungwa. Kabla ya kukubaliana, mwambie mwenzako ukweli wote kuhusu kituo chako: maji, barabara wakati wa masika, nyumba, idadi ya watumishi, umbali wa hospitali ya rufaa. Mtu aliyefichwa mambo hayo anaweza kujitoa katikati ya safari, na ombi lako linaanguka pamoja na lake.

Kuandaa viambatisho

Vinategemea sababu. Anayemfuata mwenza aambatishe cheti cha ndoa na uthibitisho wa mahali mwenza anapofanya kazi. Anayeomba kwa ugonjwa aambatishe taarifa ya daktari kutoka hospitali ya serikali inayoeleza kwa nini matibabu hayapatikani karibu na kituo chake. Kusema tu kwamba ni mgonjwa hakutoshi. Anayemuuguza mzazi alete ushahidi wa ugonjwa huo. Wote waambatishe barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ya cheo cha sasa.

Maelezo ya sababu yawe mafupi na yenye jambo la kushikika. Linganisha haya mawili:

"Naomba uhamisho kutokana na matatizo ya kifamilia yanayonikabili."

"Naomba kuhamia halmashauri anakofanya kazi mwenza wangu, ambaye ni mwalimu. Tuna watoto wawili walio chini ya miaka mitano. Ofisa Muuguzi Msaidizi wa halmashauri hiyo, mwenye cheo kama changu, ameomba kuja kituo changu, na taarifa zake nimeziambatisha. Nipo tayari kubaki hadi atakaporipoti ili huduma ya uzazi isisimame."

La pili linampa Mkurugenzi kitu cha kuidhinisha. La kwanza linamwachia kazi ya kukisia.

Kutuma kwenye mfumo

Maombi sasa hupitia mfumo wa ESS, yaani mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia, wa Ofisi ya Rais – Utumishi, mfumo uleule unaotumika kwa PEPMIS. Unaingia kwa akaunti yako ya utumishi. Kabla hujaomba, kagua taarifa zako binafsi: majina yafanane na ya NIDA, kada na cheo viwe vya sasa, kituo kiwe sahihi. Ukikuta kosa, lipeleke kwa Ofisa Utumishi lirekebishwe kwanza. Kisha nenda sehemu ya uhamisho, chagua aina ya uhamisho, halmashauri unayoiomba na sababu, pakia viambatisho, hakiki, tuma.

Ukishatuma, mwarifu Mganga Mfawidhi wako na Mganga Mkuu. Kusikia habari za kuondoka kwako kutoka kwenye mfumo kunaweza kuwakwaza, na ndio utakaowahitaji waseme neno. Fuatilia hatua ombi lilipofikia kupitia akaunti yako. Likisimama kwa muda mrefu, andika barua fupi ya kukumbushia kwa ofisi lilipokwama.

Usimlipe mtu. Wapo wanaojifanya maofisa wa TAMISEMI na kuomba pesa ili "kusukuma faili". Kibali hakiuzwi. Uhamisho ukianza kununuliwa, wanaobaki pembezoni ni wale wasio na pesa wala wa kumpigia simu, na wananchi wa huko wanabaki na kituo kilichoachwa kwa bei. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.

Kibali kikitoka

Usiondoke kwa taarifa ya mdomo. Subiri barua ya kibali, kisha barua ya mwajiri wako kukuruhusu. Tambua pia kwamba ukihama kwa maombi yako mwenyewe, gharama za kuhama ni zako. Posho za uhamisho hulipwa kwa aliyehamishwa na mwajiri kwa manufaa ya umma. Weka akiba ya usafiri, mizigo na pango mapema.

Kabidhi kwa maandishi: dawa na vifaa kwa idadi, rejesta, funguo, fedha kama ulikuwa unazisimamia. Andika pia majina ya wagonjwa wanaohitaji ufuatiliaji wa karibu, kama wenye kifua kikuu walio katikati ya dozi na wajawazito wenye vidokezo vya hatari, na mpe mhudumu anayebaki, kwa usiri unaostahili. Sehemu hii ya makabidhiano husahaulika kuliko zote, na madhara yake humfika mtu ambaye hakuomba uhamisho wowote.

Ukiripoti, toa nakala za barua zako kwa Ofisa Utumishi na uulize lini taarifa zako zitahamishwa kwenye mfumo wa mishahara. Uanachama wako wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, unaendelea kama ulivyo, na makato ya mkopo wa benki yanafuata mshahara. Kagua hati ya mshahara kila mwezi. Ikiendelea kubeba jina la halmashauri uliyotoka, andikia waajiri wote wawili, kwa sababu nafasi yako kule bado inaonekana imejazwa, na mpaka irekebishwe itakuwa vigumu kwao kuomba mtu mwingine wa kuishika.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kama ni ikama, omba halmashauri jirani yenye pengo. Kama ni upungufu kituoni kwako, rudi kwenye njia ya kubadilishana na uombe tena ukiwa na jina la mbadala mkononi.