Korosho Oktoba, kura Oktoba: namna ya kupanga safari za kazi usikose kituo

Kwetu Mtwara na Lindi, Uchaguzi Mkuu humkuta mtu wa safari katikati ya shughuli. Mwaka 2015 kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba, mwaka 2020 tarehe 28, na mwaka 2025 tarehe 29. Mwezi huohuo korosho zinaokotwa, vyama vya msingi vinapokea mzigo, malori yanapanga foleni kwenye maghala makuu, na mtu wa Newala anajikuta amelala Mtwara mjini wiki mbili bila kupanga. Waongeze mafundi wa gesi wa Madimba na Songosongo, watumishi wanaoitwa vikao Dodoma, na wavuvi walioko dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda. Kadi za mpiga kura wanazo. Tatizo ni kwamba kadi inasoma Tandahimba na mwenyewe yuko Kilwa.

Kura haimfuati mtu. Unapiga kwenye kituo ulichoandikishwa, na hakuna kupiga kwa posta wala kwa simu. Kwa hiyo mipango ya msafiri haianzi kwenye tiketi ya basi. Inaanza kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, tena mapema sana, kwa sababu daftari likishafungwa hakuna wa kukusaidia.

Kwanza: kadi yako ikae wapi?

Jiulize utakuwa unalala wapi wiki ya mwisho ya Oktoba. Ulikozaliwa ni swali jingine. Mtu wa Masasi aliyeajiriwa bandarini Mtwara, anayerudi nyumbani Desemba tu, ahamishie taarifa zake Mtwara mjini. Kibarua anayezunguka na msimu, leo Nanyamba, kesho Ruangwa, aiache kadi nyumbani kwenye familia na apange kurudi, maana akiihamishia kwenye kambi ya kazi, kazi yenyewe inaweza kuhama kabla ya kura. Mvuvi vilevile: dago si anwani.

Kuhama kuna gharama yake, na ni vizuri uijue kabla ya kuamua. Tanzania Bara unapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Ya Rais ni ileile nchi nzima, lakini mbunge na diwani utakaowachagua ni wa huko ulikohamia. Kama shamba lako, mikorosho yako na watoto wako shuleni viko Nanyumbu, basi baraza la madiwani linalokugusa ni la Nanyumbu. Kwa mtu wa namna hiyo tunashauri asihame, hata kama nauli ya kurudi inauma.

Kuhamisha taarifa hufanyika wakati wa uboreshaji wa daftari. Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliboreshe mara mbili kati ya uchaguzi mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Katika mzunguko uliopita kazi ilianza Kigoma Julai 2024 na ikafika kwetu mwanzoni mwa 2025, mvua ikiwa imeshika. Kila eneo lilipata siku saba. Siku saba ni chache mno kwa mtu aliye safarini, kwa hiyo weka mtu nyumbani wa kukupa taarifa: jirani, balozi wa nyumba kumi, au mtendaji wa mtaa. Awamu ya pili ya 2025 ilikuwa na vituo vichache zaidi, vya ngazi ya kata, na aliyezoea kuandikishwa kijijini kwake ilimbidi atembee.

Ukienda kuhamisha, nenda kwenye kituo cha eneo unalohamia, ukiwa na kadi yako ya zamani. Nenda mwenyewe, ndugu hawezi kukuwakilisha, kwa sababu picha na alama za vidole huchukuliwa hapohapo. Waliokwisha kuwamo daftarini waliruhusiwa mwaka 2024 na 2025 kuanza ombi mtandaoni, kisha wakamalizia kituoni na kuchukua kadi. Njia hiyo inapunguza muda wa foleni, ila haimalizi kazi. Walioishia mtandaoni hawakuhama. Na usijiandikishe upya ukanyamazia kadi ya zamani: kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na mfumo unazilinganisha alama za vidole.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, kama ule wa 27 Novemba 2024, una orodha yake ya wakazi, inayoandikwa upya wiki chache kabla, na husimamiwa na TAMISEMI. Kuandikwa kwenye orodha ile ili umchague mwenyekiti wa kijiji au kitongoji hakukuingizi kwenye Daftari la Kudumu. Anayesema "mimi nilishajiandikisha" mwulize: wapi, na ulipewa kadi?

Majina na kadi iliyopotea

Kadi huloa mtumbwini, huachwa nyumba ya wageni, huliwa na mchwa. Ukigundua imepotea wakati uboreshaji unaendelea, omba nyingine. Ukigundua Oktoba, bado kuna mlango: katika chaguzi za karibuni Tume imewaruhusu waliopoteza kadi kutumia kitambulisho cha NIDA, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, kwa masharti kwamba jina limo daftarini kwenye kituo hicho na majina yanalingana herufi kwa herufi.

Hapo kwenye herufi ndipo watu wa pwani tunapokwama. Hamisi na Khamis, Saidi na Said, Mohamedi na Muhammad, Fatuma na Fatma: kwetu ni mtu mmoja, kwenye orodha ni wawili. Kuna pia anayeandika jina la babu kwenye NIDA na la ukoo kwenye kadi. Fanya hivi leo: toa kadi ya mpiga kura na kitambulisho cha NIDA, viweke pamoja, soma herufi moja moja. Tofauti ikiwepo, irekebishe kwenye uboreshaji ujao. Daftari la awali linapowekwa wazi kwa ukaguzi, nenda uangalie jina lako au umtume mtu akusomee. Piga pia picha ya kadi pande zote mbili uitunze kwenye simu. Picha haikubaliki kituoni, ila inakupa namba na jina la kituo.

Kuhesabu safari kurudi nyuma

Tarehe ya kura ya 2025 ilitangazwa mwishoni mwa Julai. Hiyo ni miezi mitatu, inatosha. Ukishaijua, hesabu kutoka siku hiyo kurudi nyuma. Uwe umelala kwako usiku wa kuamkia siku moja kabla ya kura. Kura ikiwa Jumatano, fika Jumatatu jioni. Jumanne ni akiba yako: basi likiharibika, mzigo ukichelewa kushushwa, au ukikuta jina lako limepelekwa chumba kingine cha shule ileile.

Dar es Salaam hadi Mtwara ni kiasi cha kilomita 560, na kwa mwendo halali wa basi pamoja na kusimama njiani ihesabie siku nzima. Mtwara hadi Masasi ni kiasi cha kilomita 200. Kinachowaponza watu ni kipande cha mwisho. Anayekwenda kijiji cha ndani ya Liwale au pembezoni mwa Nanyumbu akiingia mjini saa 12 jioni, gari la kijijini limeshaondoka, na bodaboda ya usiku kwenye barabara ya vumbi ni hatari na ni ghali. Hesabu mji kuwa siku moja na kijiji siku ya pili.

Oktoba barabara kwa kawaida ni kavu, hilo ni la kushukuru. Mvua ni tishio zaidi wakati wa uboreshaji wa daftari. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar upande wa Somanga, na mikoa yetu ikatengwa kwa siku kadhaa. Kama uandikishaji umeangukia wakati wa mvua na wewe uko ng'ambo ya Rufiji, usingoje siku ya saba.

Dereva wa lori la korosho ana shida ya peke yake: muda wa barabarani anaujua, muda wa foleni ya kushusha haujui. Usichukue mzigo wa ghala kuu ndani ya siku nne za mwisho kabla ya kura, isipokuwa una utingo au dereva mwenza wa kuachiwa gari. Elewana na tajiri Septemba. Ukingoja Oktoba, kila dereva anaomba.

Kwa mkulima na kibarua, suala ni nauli. Fedha za korosho katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mzigo hukaa ghalani hadi uuzwe, hutoka baada ya mnada, na tarehe ya mnada huipangi wewe. Usitegemee malipo hayo kwa safari ya kura. Tenga nauli ya kwenda na kurudi kuanzia Agosti, pamoja na fidia ya siku utakazokosa ujira.

Walioajiriwa wasiridhike na neno "mapumziko". Siku ya kura ilitangazwa kuwa ya mapumziko mwaka 2020 na 2025, lakini tangazo halizimi mitambo ya gesi, wala wodi, wala lindo la usiku. Omba kwa maandishi, mapema, na utaje zamu unayoitaka. Aliyeandikishwa karibu na kazini inamtosha zamu ya jioni, apige kura asubuhi. Aliyeandikishwa mbali anahitaji angalau siku tano za likizo: ya kwenda, ya akiba, ya kura, ya kusubiri hali itulie, ya kurudi.

Kuwajua wagombea ukiwa njiani

Wa Rais utawasikia popote penye redio. Diwani ndiye anayempita msafiri, naye ndiye anayekaa kwenye kikao kinachogawa fedha za barabara ya kata, zahanati na kisima. Kampeni hudumu kama miezi miwili. Mwaka 2025 zilianza 28 Agosti. Ndani ya muda huo piga simu nyumbani mara tatu, kwa watu watatu tofauti, mmoja wao awe mwenye msimamo usio wako. Uliza mambo yanayopimika: aliyekuwepo alisoma mapato na matumizi kwenye mkutano wa hadhara? Anapokea simu? Mgombea mpya anakaa katani au anaonekana wakati wa kampeni tu? Andika majibu kwenye daftari dogo, maana ukiingia kijijini Jumatatu utapokelewa na maneno mengi kwa mkupuo.

Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Aliye kwenye mstari saa 10:00 inapofika anaruhusiwa kupiga, anayefika baada ya hapo hapewi nafasi. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupewa kipaumbele, kwa hiyo bibi asiogope foleni. Soma orodha iliyobandikwa nje kabla ya kupanga mstari. Weka alama ya vema moja kwenye kila karatasi, na usiandike jina wala saini yako, kwani kura yenye kumtambulisha mpiga kura huharibika. Ukimaliza, usipige picha karatasi. Siri ya kura ndiyo kinga yako mbele ya tajiri, ndugu na wanasiasa.

Kurudi kazini

Hapa tunawaomba sana msikilize. Tarehe 29 Oktoba 2025 ghasia zilizuka, maisha ya watu yakapotea, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotembea usiku. Aliyekuwa na tiketi ya simu na fedha zote mtandaoni alikwama mahali alipo. Kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi siku ya kura wala ya kesho yake. Beba fedha taslimu za nauli na chakula cha siku nne, tiketi ya karatasi, namba muhimu zilizoandikwa kwa kalamu, dawa za kutosha kwa mwenye kisukari au presha, na redio ndogo yenye betri. Mwambie mwajiri kabla hujaondoka kwamba simu isipopatikana haina maana umetoroka kazi, na mpe namba ya pili ya mtu wa kijijini. Kabla ya kupanda basi la Dar, uliza stendi kama gari la jana limefika.