Jinsi ya kuomba kibali cha jengo la biashara Mtwara: anza makaratasi mvua ikinyesha

Nimemaliza fremu zangu sita za maduka na vyumba vya juu pale Chuno baada ya kupoteza kiangazi kizima. Fedha zilikuwepo na mafundi walikuwepo. Nilianza na hatua isiyo ya kwanza, basi. Wewe unayetaka kujenga Mtwara au Lindi, tafadhali usipite nilikopita.

Kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi, fungua hati ya kiwanja utafute palipoandikwa matumizi. Yangu ilisema makazi. Aliyeniuzia alisema ni cha biashara, nami nikaamini kwa sababu mtaa mzima una maduka. Nikalipia michoro, nikapeleka maombi, faili likarudi: kiwanja cha makazi hakijengwi fremu.

Kubadili matumizi ni ombi jingine kabisa. Unaandika kwa mkurugenzi wa halmashauri, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha suala linaingia kamati ya mipango miji na kutoka hapo linapanda ngazi za ardhi. Kamati haikai kila wiki. Ukikosa kiambatisho kimoja siku ya kikao, unangoja kikao kingine, na hapo ndipo miezi inapokatika. Kwa hiyo nenda kwa afisa mipango miji na nakala ya hati tu, bado hujachora chochote. Muulize matumizi ya kiwanja, ghorofa zinazoruhusiwa na nafasi ya kuacha kutoka barabarani. Ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwa huko, angalia na kodi ya pango la ardhi, maana deni la muuzaji litakufuata wewe.

Michoro inatakiwa miwili: wa usanifu, wenye muhuri wa msanifu aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), na wa miundo, wenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi). Mchoraji wangu wa kwanza alichora vizuri sana lakini muhuri hakuwa nao, nikalipa mara ya pili. Omba namba ya usajili, uihakiki kwenye bodi yake ndipo utoe malipo ya awali. Jengo la biashara linapitiwa pia na Zimamoto na afisa afya, kwa hiyo waonyeshe rasimu mapema. Kuhamisha ngazi kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kuhamisha ngazi ya zege ni kuvunja.

Kujaza fomu na kulipia kwa namba ya malipo hakutakusumbua. Kibali kikitoka, mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), asajili mradi, asimamishe bango, na eneo la kazi liandikishwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Sasa kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mimi kibali nilikipata mwishoni mwa Novemba, nikachimba kwa haraka. Wiki ya pili ya Desemba mitaro ya msingi ilijaa maji hadi nusu, kuta za udongo zikaporomoka juu ya nondo tulizokwisha kufunga. Tulizitoa moja moja, zimeshika kutu na tope, tukachimba upya Mei. Oktoba nako kuna korosho: vibarua wanakwenda mashambani kwao, na malori yanashika mizigo ya maghalani. Nisingewalaumu, korosho ndiyo ada ya watoto wao.

Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara. Nondo, vigae na aluminiamu vikitoka Dar es Salaam vinategemea barabara moja ya Kilwa, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga. Shusha nondo za msingi na za slabu ya kwanza kabla mvua haijakolea, uziweke juu ya magogo na kuzifunika.

Kama hati yako ni ya biashara tayari, Januari nenda mipango miji, Februari michoro, Machi peleka maombi, uchimbe Mei udongo ukikauka. Kama ni ya makazi, anza mwaka mzima kabla. Na mpe mkaguzi majengo taarifa siku mbili kabla ya kumwaga zege la msingi, aje aone nondo zikiwa bado wazi.