Pweza kwenye simu: kupiga picha za kuchekesha kwa samaki wabichi

Panga kila kitu kabla hujamtoa samaki kwenye barafu. Mahali atakapolala weka kwanza kitambaa kilichoviringishwa badala yake, rekebisha mwanga na fremu, ndipo umlete mhusika mwenyewe. Jicho ndilo linaloharibu picha mapema. Likishaingia ukungu, hakuna programu itakayolifufua vizuri.

Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni unatosha. Flashi ya moja kwa moja hugeuza magamba kuwa madoa meupe tu. Ngozi ikianza kukauka, inyunyizie maji. Ukiyachanganya na gliserini kidogo, matone hukaa muda mrefu zaidi (ila samaki huyo usimpeleke jikoni).

Kichekesho chenyewe kinataka kiasi. Pweza aliyeng'ang'ania simu ya zamani ya mezani, au kamba anayechungulia kutoka kwenye kikombe cha chai: kitu kimoja kisichotarajiwa, basi. Ukiongeza cha pili na cha tatu, mtazamaji hajui acheke wapi. Na pweza mbichi hulegea ovyo, hashiki chochote. Mchovye mikono kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, itajikunja yenyewe.